Nguvu Moja, Matairi Manne: Kasi ya Bagi la Rimoti Inatoka Wapi?

Chukua maboksi mawili ya bagi la rimoti la aina moja, yaliyotoka kiwanda kimoja wiki moja. Mpe fundi huyu moja, mpe yule jingine. Skrubu ni zilezile, plastiki ni ileile, kitabu cha maelekezo hakitofautiani hata kwa herufi. Siku ya mashindano moja linaingia kona kama maji yanavyofuata mfereji. Jingine linasitasita mwanzoni mwa kona, halafu likipewa moto, yaani mota ikiongezewa nguvu, mkia unataka kutangulia. Madereva wakibadilishana magari, tofauti itapungua, lakini haitaisha.

Ninachotaka kukichambua ni hicho. Gari ambalo magurudumu yake yote manne yanasukuma lingepaswa kuwa rahisi kwenye udongo. Linapata wapi kasi yake, na linaipoteza wapi? Nimekaa na magari haya muda wa kutosha kuwa na msimamo, nao ni huu: umuhimu wa mambo unakwenda kinyume na bei zake dukani. Kwanza mkono wa aliyeliunga, kisha tairi, kisha difu inayogawa nguvu kati ya magurudumu, kisha shokapu. Vipimo vya pembe vinafuata kwa mbali. Mota, ambayo karibu kila anayeanza huitolea pesa zake za kwanza, iko mwisho kabisa.

Tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Bagi la kipimo cha moja ya kumi halifiki dhiraa moja kwa urefu. Kanuni za daraja la forwili, yaani la magurudumu manne yanayosukuma, zinalitaka lisipungue gramu 1588 likiwa tayari kukimbia, na betri yake ni ya lithiamu, seli mbili, volti 7.4. Kaka yake wa moja ya nane ana zaidi ya kilo tatu, na huendeshwa ama kwa umeme ama kwa injini ya sentimita za ujazo 3.5 inayokunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili. Yote mawili hurushwa juu ya matuta, hutua kwa kishindo na kuchimba kona kwenye udongo, wakati dereva amesimama jukwaani mita nyingi kutoka lilipo gari.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Dereva wa gari la kweli husikia utelezi mgongoni na mikononi kabla macho hayajauona. Dereva wa rimoti ana macho tu, na macho huchelewa. Kwa hiyo gari zuri la rimoti ni lile linalosomeka kwa mbali: likiteleza, linateleza polepole, kwa namna ileile ya raundi iliyopita. Dereva akiliamini atakanyaga moto mapema wakati wa kutoka kona, na hapo ndipo sekunde zinapookotwa. Kila nitakachosema kuhusu difu na shokapu kinaelekea huko.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya mabagi ya umeme ya moja ya kumi yalifanyika mwaka 1985 huko Del Mar, California, na tangu siku hiyo madaraja yakawa mawili: magurudumu mawili na magurudumu manne. Jay Halsey alishinda la kwanza kwa Associated RC10, Gil Losi Jr. akashinda la pili kwa Yokomo Dog Fighter. Mwaka huohuo Tamiya walitoa Hotshot, forwili yao ya kwanza ya aina ya bagi, na Kyosho wakatoa Optima, iliyopeleka nguvu mbele kwa mnyororo mithili ya baiskeli. Uingereza ikajibu mwaka 1986 kwa Schumacher CAT, lililotumia mikanda ya mpira. Mwaka uliofuata, huko Romsey, Uingereza, Mjapani wa miaka 17 aitwaye Masami Hirosaka alilipeleka CAT hadi ubingwa wa dunia, na kabla hajamaliza safari yake alikuwa amekusanya mataji 14.

Mnyororo, mkanda, shafti: njia tatu za kutatua fumbo moja. Mota ni moja, nayo imekaa katikati au nyuma. Nguvu yake ifikeje mbele bila kuliwa njiani? Mnyororo ulikuwa mzito na ulichakaa, ukaondoka mapema. Mkanda unazunguka kwa ulaini wa kupendeza na haupindui chasisi mota inaposhtuka, ila kokoto moja ikiingia kati ya mkanda na puli, siku imekwisha. Shafti iko moja kwa moja na inaweza kufunikwa vizuri isifikiwe na uchafu, lakini inadai nguvu igeuzwe kwa pembe mraba kila mwisho, na kila kugeuza kuna ushuru wake. Leo shafti imetawala. Nadhani sababu kubwa ni nguvu za mota zisizo na brashi na betri za lithiamu: nguvu ikiwa nyingi kuliko unavyoweza kuitumia, ushuru mdogo wa gia hauumi, na uimara unakuwa na thamani kuliko wepesi.

Miaka hiyohiyo ya 1980 magari makubwa ya mbio yalikuwa yanapitia somo hilohilo, na sisi wa Afrika Mashariki tulilishuhudia karibu na nyumbani. Audi Quattro na Peugeot 205 Turbo 16 zilikuwa zinatamba Ulaya kwa kusukuma magurudumu manne. Lakini Safari Rally ya Kenya ilikuwa na maoni yake. Toyota Celica, iliyosukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake, ilishinda mwaka 1984 ikiendeshwa na Björn Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, 1986 na Waldegård tena. Ilibidi tungoje hadi 1987 ndipo Hannu Mikkola akaipa forwili ushindi wake wa kwanza wa Safari, kwa Audi 200 Quattro. Forwili ina shafti zaidi, jointi zaidi na difu zaidi, yaani vitu zaidi vya kuvunjika na kuharibu mizani. Faida yake haiji bure. Inatolewa kwa yule aliyeunga kila kiungo sawasawa.

Avante ya Tamiya, iliyotoka mwaka 1988, inanifundisha jambo hilo kila ninapoitazama picha yake. Ilikuwa bagi la fahari, alumini hapa, nyuzi za glasi pale, sehemu za kurekebisha kila upande, kazi ya mikono iliyopenda chuma. Uwanjani ilikuwa nzito, na magari mepesi yaliyokuwa na mambo machache yakaiacha. Watu bado wanaipenda hata ikabidi kiwanda kiitoe upya miaka mingi baadaye, na mimi ninaelewa kwa nini. Ila wingi wa marekebisho hauongezi mshiko.

Sasa twende mezani, kwa sababu ndipo mashindano mengi yanapoamuliwa.

Kazi ya kwanza yenye uzito ni kukutanisha gia za krauni na pinioni ndani ya sanduku la difu. Zikibanana, gia zinakwaruza, beringi zinapata moto na betri inaliwa bure. Zikiachana, meno yanagongana kila gari linapotua huku magurudumu yana moto, na baada ya mashindano machache yamelika. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita hivi, nayo hupatikana kwa washa nyembamba, za milimita 0.1 au 0.2, zinazowekwa upande huu au ule wa difu. Kitabu kinasema weka kadhaa. Kitabu hakijaliona sanduku ulilonalo, na plastiki iliyofinyangwa haifanani kila mara. Funga, zungusha kwa vidole, sikiliza. Sauti ikipanda na kushuka katika mzunguko mmoja, fungua tena. Nimeona watu wanaotumia saa nzima hapa na wengine wanaotumia dakika tano, na jioni huwa sihitaji kuuliza nani ni nani.

Kisha mikono ya sospensheni. Kila mkono, kabla ya kufungwa shokapu, lazima uanguke wenyewe kwa uzito wake ukiuinua na kuuachia. Ukishuka kwa kusuasua, shokapu ya bei yoyote haitafanya kazi yake, maana msuguano wa pini umeshaifunga nusu. Pini ikibana, panua tundu kwa rima taratibu, ujaribu tena. Vivyo hivyo vikombe vya plastiki vinavyoshika vichwa vya mpira mwisho wa vijiti vya kurekebishia: vizunguke bila kukaza na bila kulegea.

Vijiti hivyo vina ujanja mzuri. Upande mmoja uzi wake ni wa kawaida, upande mwingine ni wa kushoto, hivyo ukikizungusha kikiwa palepale kinarefuka au kufupika bila kukitoa. Vingi vina alama kuonyesha upande wa uzi wa kushoto. Fundi makini huvifunga vyote alama zikielekea upande mmoja wa gari. Siku ya mashindano, dakika nne kabla ya kuitwa, mkono wake unajua wenyewe uzungushe wapi.

Chasisi nayo inaweza kupindika bila mtu kuona. Msimu mmoja nilihangaika wiki nzima na gari lililokuwa likivuta kushoto kila linapotua. Nilibadilisha springi, nikapima shokapu, nikasogeza vijiti, nikalaumu udongo. Mwisho nililiweka juu ya kioo kinene cha meza, nikatelezesha ubavu wa kisu chini ya chasisi, katikati kabisa kwa mbele, nikainua polepole. Gurudumu la kulia liliacha kioo kabla ya la kushoto. Nililegeza skrubu zote za sahani ya juu, nikaliacha gari likae lenyewe, kisha nikakaza kwa kupishanisha, kidogo huku kidogo kule. Kuvuta kukakoma. Wiki nzima ya marekebisho ilikuwa inajaribu kuficha skrubu zilizokazwa kwa pupa.

Mengine ya ujenzi nayataja kwa kifupi kwa sababu si magumu, yanataka uvumilivu tu: gundi ya kufungia skrubu kila chuma kinapokutana na chuma, na kamwe si kwenye plastiki, grisi kidogo kwenye oringi za difu kabla ya kufunga, waya zisikaribie shafti.

Tairi ndilo linalogusa ardhi, na kila kitu kingine kwenye gari ni maombi yanayopelekwa kwake. Viwanja vya mabagi vinatofautiana kuliko anavyodhani anayeona video tu. Marekani kuna kumbi nyingi zenye udongo wa mfinyanzi uliomwagiwa maji na kushindiliwa hadi ukang'aa. Hapo tairi lenye meno marefu linaelea juu, wakati tairi lililochakaa hadi karibu na kipara linashika. Nje, kwenye udongo mlegevu wenye vumbi, mfano wa barabara ya murram wakati wa kiangazi, meno marefu yaliyoachana yanachimba hadi kufikia tabaka gumu. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya wamehamia kwenye nyasi bandia na zulia, na huko vijimeno vidogo vilivyosongamana kama brashi ndivyo vinavyotawala. Mini Pin za Schumacher zimekuwa kama kipimo cha wote. Aliyechukua tairi la udongo akalipeleka kwenye zulia hatasaidiwa na oili yoyote ya difu au shokapu.

Ndani ya tairi kuna sponji, maana tairi la bagi halijazwi upepo. Sponji ikiwa laini, tairi linajikunja na kukumbatia mabonde, lakini kwenye kona ya kasi linajilaza na gari linakuwa zito kuitika. Ikiwa ngumu, gari linajibu upesi, na likiteleza linateleza ghafla. Halafu kuna uvimbe: gurudumu likizunguka kwa kasi kubwa tairi linapanuka kwa kipenyo, meno ya katikati tu yanagusa chini, na mshiko unapungua palepale dereva anapouhitaji. Yote hayo hutegemea pia gundi. Tairi hubandikwa kwenye rimu kwa supaglu pande zote mbili, mduara wote. Sehemu ndogo isiyoshika inatosha kulifungua tairi katikati ya fainali, na katika forwili tairi moja likiondoka, difu yake inapeleka nguvu yote hewani. Kabla ya kubandika, osha tairi na rimu kwa spiriti. Mafuta ya kiwandani hayapatani na gundi.

Sehemu inayolitenganisha bagi la forwili na ndugu yake wa magurudumu mawili ni difu, na hapa nitakaa zaidi.

Kila aliyewahi kusukuma gari lililokwama kwenye tope anaijua tabia ya difu: gurudumu lililokosa mshiko linazunguka kama feni, lenye mshiko limetulia. Difu ya wazi hupeleka mwendo kusiko na upinzani. Katika bagi, gurudumu linalokosa upinzani ni la ndani ya kona, lililoinuliwa na gari kulala nje. Tukiifunga difu kabisa, magurudumu yote mawili yanazunguka sawa, nguvu haipotei, lakini kona inakataa, kwa sababu gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Tunataka kitu kilicho kati, kinachoachia kidogo na kubana kidogo, nasi tukipange wenyewe.

Mwaka 1980 Cecil Schumacher, mhandisi Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya Cosworth, alibuni difu ya gololi: gololi ndogo ngumu zimebanwa kati ya pete mbili za chuma, na skrubu yenye springi inaamua zibanwe kiasi gani. Ilikuwa nyepesi, laini, na ilirekebishwa bila kufungua chochote. Kwa miaka karibu 30 magari ya moja ya kumi yaliishi kwayo. Udhaifu wake ni kwamba gololi zikiteleza mara moja zinakwaruza pete, na zikishakwaruza hazirudi. Nguvu za mota mpya zikaifanya itunzwe kila wikiendi. Kwa hiyo katika miaka ya 2010 forwili nyingi za moja ya kumi zikafuata njia ambayo zile za moja ya nane zilikuwa nayo zamani: difu ya gia iliyojazwa oili ya silikoni. Gia ndogo zinazunguka ndani ya oili. Oili ikiwa nzito zinazunguka kwa shida, difu inabana. Ikiwa nyepesi inaachia. Namba kwenye chupa huanza elfu kadhaa na kwenda hadi mamia ya maelfu, na ile ya mamia ya maelfu ni nzito kama lami ya jua kali.

Difu ya mbele ikiwa na oili nyepesi, gari linageuka kwa wepesi dereva anapoachia moto kuingia kona, lakini akikanyaga tena pua inafunguka kwenda nje, kwa sababu gurudumu la ndani linamwaga nguvu bure. Oili nzito inageuza mambo: kuingia kona kunakuwa kwa utulivu, labda kwa uzito, ila kutoka kona magurudumu ya mbele yanalivuta gari kuelekea ndani. Difu ya nyuma ikiwa nyepesi, mkia unashika pembeni, gari linakunja katikati ya kona bila fujo. Ikiwa nzito, linasukuma mbele kwa nguvu lakini mkia unaweza kuchomoka dereva akiwa na haraka. Ndiyo maana mara nyingi nyuma huwekwa oili nyepesi kuliko mbele.

Difu ya katikati, kwenye magari yaliyo nayo, inagawa kati ya mbele na nyuma, na kwangu hii ndiyo sauti ya gari zima. Kwenye moja ya nane mtu huanza mahali kama namba 7000 mbele, 7000 katikati, 3000 nyuma, halafu husogea. Gari likichomoka, uzito hurudi nyuma na magurudumu ya mbele huwa mepesi. Oili nyepesi ya katikati huruhusu nguvu ikimbilie huko mbele kwenye wepesi, na mshtuko wa mota unapozwa kabla haujafika nyuma. Kwenye uwanja wenye mabonde na vumbi hilo ni neema, gari linakuwa tulivu. Kwenye uwanja unaoshika sana ni hasara, moto unapotea, na unapaswa kuongeza uzito wa oili. Magari mengine ya moja ya kumi hayana difu ya katikati. Yana klachi ya kuteleza tu, na shafti ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja. Hayo yanakata kona kwa ukali na yanapunguza mwendo kwa magurudumu yote manne sawasawa. Yanamfaa dereva wa vidole laini. Kwa mtu anayejifunza ningependekeza difu ya katikati bila kusita.

Kosa linalojirudia sana kwenye difu ni la ujazo, na watu hulidhania kuwa la namba. Mtu anajaza difu hadi juu leo, kesho anajaza robo tatu, halafu anashangaa kwamba namba 7000 ya leo si ya jana. Pima difu kwenye mizani ya vito, yenye kuonyesha sehemu za kumi za gramu, uandike uzito wake ikiwa imejazwa. Itakuonyesha pia kama inavuja kabla gari halijakuonyesha kwa kuacha kugeuka.

Shokapu ina kazi mbili zinazogombana. Kwenye vijibonde vidogo vya mfululizo inatakiwa ilegee, gurudumu lifuate ardhi. Inapotua kutoka kwenye tuta inatakiwa ikaze, chasisi isipige chini. Oili peke yake haiwezi kuridhisha pande zote mbili, ndiyo maana ndani kuna pistoni yenye matundu. Pistoni ikisogea polepole oili inapita kwa raha. Ikisogezwa kwa kishindo, matundu hayatoshi, oili inakwama na shokapu inageuka ngumu kwa nukta ndogo. Matundu madogo yenye oili nyepesi hukwama mapema. Matundu makubwa yenye oili nzito hukwama kwa kuchelewa, ingawa ukizibana kwa mkono mezani shokapu hizo mbili zinaweza kuonekana sawa. Uwanja wenye miruko mikubwa unaomba la kwanza, uwanja wenye makorongo unaomba la pili. Joto nalo linaingilia: silikoni hulainika jua linapopanda, na anayeshindana asubuhi na alasiri kwa oili ileile ana magari mawili.

Cha lazima kuliko vyote ni ulinganifu. Ondoa hewa yote, kisha chukua shokapu mbili za mbele bila springi, ziweke ncha kwa ncha, uzisukume pamoja. Mti wa shokapu moja ukiingia kabla ya wa nyingine, hazijawa jozi. Nafahamu inachosha. Ila gari lisilolingana kushoto na kulia haliwezi kusomeka, na nimeshasema kwa nini kusomeka ni kila kitu.

Pembe na urefu nazipitia haraka, kwa sababu ndizo zinazoandikwa sana na kusaidia kidogo. Chasisi iwe milimita 18 hadi 20 hivi kutoka chini kwenye zulia na nyasi bandia kwa moja ya kumi, na zaidi kidogo kwenye udongo. Matairi yalale juu kuelekea ndani nyuzi moja au mbili. Ya nyuma yaelekeane ndani nyuzi 3 hivi, na huko kuelekeana ndiko kunakoutuliza mkia. Stabilaiza nene huzuia gari kulala lakini huondoa mshiko kwenye mabonde. Washa ya milimita moja chini ya kichwa cha mpira hubadilisha namna gari linavyolala, na dereva mzoefu huisikia. Asiye mzoefu haisikii, na ni heri aache.

Kuhusu injini za nitro nina jambo moja, linalotuhusu moja kwa moja. Injini hiyo huchanganya mafuta na hewa kwa sindano mbili, ya kasi ya juu na ya kasi ya chini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba kuliko ya Mombasa. Sindano zilizopangwa pwani zitamwaga mafuta mengi mno Nairobi, injini itakohoa na kutoa moshi mzito. Zilizopangwa Nairobi zikishuka pwani zitabana mafuta kupita kiasi, na injini itaungua kwa kukosa oili, kwani oili huja ndani ya mafuta yenyewe. Kila safari ya barabara ile inadai sindano zipangwe upya. Mota ya umeme haina habari na hayo.

Na mota yenyewe? Hupimwa kwa idadi ya mizunguko ya waya. Kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo inavyokimbia. Katika daraja huria la forwili watu hutumia mota za mizunguko mitano na nusu, sita na nusu hivi, na hata hizo hupunguzwa ukali kwenye kidhibiti mwendo, kwa sababu dakika tano za mashindano haziamuliwi na kipande kilichonyooka. Anayebadili mota ya mizunguko 13 kwa ya mitano ili afike haraka anafika haraka kwenye ukuta. Betri ya lithiamu inataka heshima tofauti: ichajiwe ukiwa karibu, ndani ya mfuko usioshika moto, na ikipumzishwa iachwe nusu, kama volti 3.8 kwa seli.

Kinachobaki ni daftari. Andika kiwanja, joto, hali ya udongo, tairi, oili tatu za difu, shokapu, na neno moja la dereva kuhusu kuingia kona, katikati na kutoka. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, kisha rudi kwenye kile cha awali uthibitishe kuwa tofauti uliyoiona ilitoka huko na haikutoka kwenye udongo uliokauka kwa nusu saa. Wengi huruka hatua hii ya kurudi, kwa kuwa inaonekana kama kupoteza mchujo mmoja.

Katika mashindano ya dunia ya umeme ya moja ya kumi, fainali ya juu hupigwa mara tatu na mbili bora ndizo huhesabiwa. Kati ya fainali ya pili na ya tatu, mwenye gari lililojengwa vizuri ana kazi ndogo mezani. Anapiga brashi vumbi kwenye mikono, anazungusha kila gurudumu kwa kidole akisikiliza, anachungulia ukingo wa tairi kama gundi bado imeshika, anakaza nati nne, anaweka betri. Kisha anakwenda ukingoni mwa uwanja na kuinama kuutazama udongo.